Glasi Yenye Madonge

Maiti ilikohoa.

Sajini, aliyekuwa ameshaifunika shuka na kuanza kuandika maelezo ya awali, aliruka nyuma akakanyaga mguu wa Inspekta.

"Afande, imekohoa."

"Nimesikia. Na kidole changu umekivunja. Ondoa shuka."

Chini ya shuka kulikuwa na mwanamke wa makamo aliyesukwa nywele vizuri, kanga kiunoni, midomo imekauka. Mapigo ya moyo yalikuwa hafifu kama saa inayoishiwa betri, lakini yalikuwepo. Muda si muda gari la wagonjwa likaondoka naye kwa king'ora. Majirani waliokwisha kuanza kumlilia walibaki mlangoni na machozi yao mkononi, baadhi wakiwa na sura za watu waliodhulumiwa.

"Nani alisema amekufa?" Inspekta aliuliza.

"Wifi yake. Ndiye aliyemkuta sakafuni."

"Ni daktari?"

"Msusi, afande."

"Kwa hiyo umemfunika mtu shuka kwa ushauri wa msusi."

Sajini aliyageukia makopo. Makopo yalikuwepo ya kutosha kugeukiwa. Yalipangwa ukutani kuanzia sakafuni hadi darini, yote ya kijani, yote yenye picha ya jua linalochomoza. Ukuta wa pili ulikuwa na picha za mwenye nyumba akipeana mikono na watu waliovaa suti. Mtaa ulimwita Malkia. Alianza kuitwa hivyo kwa dhihaka, akalizoea jina, mwishowe akaliandika mlangoni.

Juu ya meza ilikuwepo glasi moja. Ilikuwa imenywewa nusu. Kilichobaki kilikuwa cha kijani kizito, na ndani yake yalielea madonge kama uji ulioachwa na mpishi mvivu.

Inspekta aliinusa akakunja pua.

"Sampuli hii ipelekwe maabara sasa hivi. Unga huu naujua. Nataka kujua kilichoongezwa."

Nani hakuujua unga ule wa tiba? Haukuuzwa dukani. Uliuzwa na mtu kwa mtu: unanunua kopo lako, unamwalika mwenzako akae chini yako, naye anamtafuta wa kukaa chini yake, na kadiri walio chini yako wanavyoongezeka ndivyo unavyopanda ngazi, kutoka Shaba hadi Fedha, kutoka Dhahabu hadi Almasi. Malkia alikuwa ameukalia karibu mtaa mzima. Alasiri ile ile alikuwa avikwe taji la Almasi ukumbini, mbele ya Kampuni yote ya unga huo.

Hata polisi hawakusalimika. Kazini, Sajini alimpigia Inspekta saluti. Kwenye Kampuni, Sajini alikuwa Dhahabu na mke wa Inspekta alikuwa Shaba chini yake. Inspekta hakulipenda jambo hilo. Alipoulizwa, alisema halimsumbui, na alilisema haraka mno.

---

Wifi wa Malkia alihojiwa jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitana kilichochomekwa nywelani, amekisahau.

"Wifi yako alikuwa na adui?"

"Mimi."

Inspekta aliinua kalamu. "Endelea."

"Mimi ndiye niliyemwingiza. Kwa mkono wangu huu. Alipoolewa na kaka yangu hakujua hata kuuza maji kwenye joto. Nikamwonyesha kila kitu. Leo yeye Almasi, mimi bado Shaba. Nikipita watu wananiita wifi wa Malkia, kana kwamba mama yangu hakunipa jina. Kama ni wivu, Inspekta, ninao. Nalala nao, naamka nao, naupigisha mswaki."

"Kwa hiyo ukamwekea kitu kwenye glasi."

"Glasi gani?"

Inspekta alimwonyesha picha ya glasi kwenye simu yake. Alitegemea kuona hofu. Alichoona ni kinyaa.

"Nani amekoroga uchafu huu?"

"Kuna nini?"

"Huoni madonge? Hii imekorogwa kwa maji ya moto. Maji ya moto yanaua uhai."

Aliyasema maneno hayo ya mwisho kwa sauti ya mtu anayesali. Kule mlangoni midomo ya Sajini ilicheza pamoja na yake.

"Kopo halina maelekezo?" Inspekta aliuliza.

"Yakiwepo, sisi tutafanya kazi gani? Lazima uonyeshwe. Anayekualika ndiye anayekuonyesha. Maji baridi kwanza, unga juu yake, unafunika, unatikisa. Ndilo somo la kwanza. Hata kipofu akialikwa hawezi kukosea." Alimtazama Inspekta usoni. "Nikitaka kumuua wifi yangu nitamkorogea vizuri. Nina heshima zangu."

Inspekta alifunga daftari. Alikuwa amewahi kusikia watu wakijitetea kwa machozi, kwa viapo na kwa mawakili. Kwa usafi wa kukoroga, ilikuwa mara ya kwanza. Na alimwamini.

"Nenda hospitali ukae naye," alisema. "Simu yako iwe wazi."

Mlangoni wifi alipishana na bwana mmoja mwenye suti ya buluu na beji kubwa kifuani. Ndiye aliyeitwa Kocha, mkuu wa timu yao.

"Ni pigo kubwa kwa familia yetu," Kocha alisema. "Inspekta, nisaidie jambo moja. Madaktari wanaweza kumruhusu aletwe ukumbini kwa kitanda? Akiamkia pale jukwaani, utakuwa ushuhuda wa kutikisa watu."

"Ulikuwa wapi asubuhi?"

"Ukumbini, tangu alfajiri, na mafundi wa vipaza sauti. Waulize." Akatoa kadi. "Na wewe, umewahi kufikiria maisha baada ya polisi?"

"Kila siku," Inspekta alisema. "Ondoka."

---

Mkemia wa maabara alipiga simu kabla ya adhuhuri. Vidonge vya usingizi, vimesagwa, vingi. Daktari akaongeza la kwake: moyo wa mgonjwa ulikuwa dhaifu, hakuwa na hakika kama ataamka.

"Akiamka ni kesi moja," Inspekta alimwambia Sajini. "Asipoamka ni kesi nyingine. Chukua kopo moja. Tunakwenda kunywa."

Wakapita mlango kwa mlango. Kila walipoingia Inspekta aliweka kopo mezani na kusema, "Nikorogee."

Fundi viatu alitumia maji baridi. Alisema unga ule ulimtibu mgongo, kisha akainuka kwa kushika kiuno. Mwuza dawa alitumia maji baridi. Alisema ni majani makavu na sukari tu, anajua, amesomea.

"Sasa kwa nini ulinunua?"

"Ungemkataliaje? Malkia alikuja akimwombea mama yangu dua. Siku hizi nikimwona kwa mbali nazima taa ya duka."

Mama mwenye nyumba za kupanga alitumia maji baridi. Alikuwa Fedha kwa muda mfupi, mpaka walio chini yake walipoanza kumkwepa, wakiwemo wanawe. "Mwanangu wa kwanza hapokei simu yangu. Anadhani nataka kumuuzia," alisema, akamtikisia Inspekta glasi kwa ustadi mkubwa.

Mtaa mzima ulikuwa umealikwa. Mtaa mzima ulijua kukoroga. Inspekta alikuwa na tumbo lililojaa majani na bado hakuwa na mtuhumiwa.

Ulibaki mlango mmoja, ule uliotazamana na wa Malkia mwenyewe.

---

Fundi cherehani alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye futi ya kamba shingoni na subana kidoleni. Chumba chake kilijaa vipande vya vitambaa. Katikati, kwenye mwanasesere wa mti, lilitundikwa gauni la rangi ya dhahabu. Shanga zake zilishonwa moja moja kwa mkono. Upindo tu ndio uliokuwa haujakamilika.

"La Malkia?" Inspekta aliuliza.

"La shoga yangu. Tangu tulipokuwa tunagawana penseli." Alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Anaendeleaje?"

"Hajaamka. Ulimwona asubuhi?"

"Sikwenda kwake leo. Nilikuwa na upindo huu."

Inspekta alikaa kwenye kigoda, akatoa pumzi, akaweka kopo juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi.

"Koo limenikauka, dada. Hebu nikorogee kidogo."

Fundi alilitazama kopo kama mtu anavyomtazama mke mwenza. Kisha akainuka. Akachukua glasi, akatia unga vijiko viwili, akavuta chupa ya chai, akamimina maji yanayotoa moshi. Akakoroga. Unga ukajikunja, ukagandana, ukafanya madonge.

Sajini alifungua mdomo. Inspekta alimtazama, ukafungika.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

"Nani alikufundisha kukoroga?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Hilo naliona," Inspekta alisema. "Hujaalikwa."

Kijiko kilisimama.

"Mtaa huu wote, dada, kila mtu ananikorogea kwa maji baridi. Wanaoupenda unga huu na wanaouchukia. Glasi ya Malkia ilikuwa ya maji ya moto. Nimezunguka tangu adhuhuri kumtafuta mtu mmoja ambaye hajaonyeshwa." Akasogeza glasi pembeni kwa kidole. "Una haki ya kunyamaza. Utakayoyasema yataandikwa."

Fundi hakunyamaza. Alionekana kama mtu aliyengoja kwa muda mrefu sana kuulizwa.

"Alimwalika fundi viatu," alisema taratibu. "Alimwalika mkusanya takataka. Alimwalika mtu aliyepiga simu kwa kukosea namba, wakaongea, akamwingiza. Nilimsikia kwa masikio yangu, dirisha lake na langu yanatazamana. Mimi, hata karatasi moja ya matangazo hakuwahi kunipa."

"Ulitaka kujiunga?"

"Nilitaka kuulizwa. Ningekataa, lakini angeniuliza." Alivuta futi shingoni, akaizungusha mkononi. "Wanakuja hapa kwa vipimo, hao dada zake wapya. Wanavaa mashati ya namna moja. Anawaita familia yangu. Mama yake alipokufa, nani alimwosha? Mimi na yeye. Siku moja, mbele yao, akaniambia, 'Fundi, punguza hapa kiunoni.' Fundi."

"Kwa hiyo ukaamua kumuua."

"Nilitaka alale." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Leo tu. Wamwite jukwaani asitokee, na yeye aonje kuachwa nje. Vidonge ni vyangu. Tangu aanze safari zake za Kampuni sipati usingizi. Nikasaga, nikaenda asubuhi na gauni la kupima, nikamwambia, leo nikukorogee mimi. Akanitazama kama nimempa zawadi. Nilipomwona anateremka sakafuni nikachukua gauni nikarudi hapa. Nikakaa. Nikashona."

"Hukuita mtu."

"Nilishona," alirudia, akayaficha macho.

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa wifi.

"Ameamka. Swali la kwanza ameuliza ni saa ngapi. La pili ameuliza nani kamvurugia nywele. Yuko sawa."

Inspekta aliweka sauti ya nje na kulaza simu juu ya meza. "Mpe simu."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza. "Inspekta, rudini nyumbani. Hakuna kesi. Nilikoroga mwenyewe. Nilikosea dawa."

"Ulikoroga kwa maji gani?"

Malkia alikohoa.

"Ya moto," Malkia alisema.

Kwa nyuma ilisikika sauti ya wifi ikisema kwa hasira, "Mwongo huyu."

"Malkia," Inspekta alisema, "shoga yako nimekaa naye hapa. Ameshasema yote. Ana swali moja tu. Kwa nini hukumwalika?"

Sajini aliinama kuangalia kama simu imekatika. Haikuwa imekatika. Malkia alikuwa anapumua.

"Yupo karibu? Ananisikia?" Kisha akashusha sauti. "Shoga, hebu watazame hao niliowaalika. Mwuza dawa ananizimia taa. Hata wifi yangu, aliyeniingiza mwenyewe, hawezi kunitazama usoni. Kila niliyemwingiza nilimpoteza. Hii kazi iko hivyo, unakula watu wako, ukiwamaliza unakula wa mbele. Nikasema mmoja abaki. Nimguse kila mtu, ila mlango unaotazamana na wangu nisiubishe. Na mbele ya wale nilikuita fundi ili wasijue wewe ni wangu. Wangejua, wangekufuata."

Fundi alikaa chini, si kwenye kiti, bali juu ya rundo la vitambaa.

"Na ile glasi," alisema. "Ulipoinywa, hukuona kuwa imeharibika?"

"Ilikuwa na madonge kama mawe. Nilijitahidi mpaka nusu."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umenikorogea wewe."

Sajini, Dhahabu wa Kampuni, alitoa pingu mfukoni, akazitazama, akazishika tu mkononi kana kwamba hajui zinafungukia wapi.

Fundi alivua subana kidoleni, akaiweka juu ya chaki. Akainuka, akalikaribia gauni, akaung'oa uzi wa upindo kwa meno. Akalivua gauni kutoka kwenye mwanasesere, akalikunja vizuri, shanga ndani, kama mtu anayekunja nguo ya mgonjwa.

"Kiunoni nililibana makusudi," alimwambia Inspekta. "Asingeweza kupumua jukwaani. Kuna nafasi ya kulegeza, nimeiacha kwa ndani. Mwambieni fundi atakayemaliza."

Kutoka kwenye simu, sauti ya kukwaruza ilijibu kabla Inspekta hajapata la kusema.

"Hakuna fundi mwingine. Litangoja."

Fundi akanyoosha mikono, na Sajini akalazimika kumfunga pingu.