Mtu Mzima wa Pili

Kila asubuhi Mwanatatu alipika mahamri, na kila asubuhi yalibaki. Aliyekuwa akiyala zaidi ni mumewe, na mumewe alikuwa amefariki. Mikono ya Mwanatatu ilikuwa haijazoea kukanda unga wa watu wawili.

Hao wawili ni yeye na bintiye Waridi, msichana wa miaka kumi na minne. Waliishi Mtongwe, huko Likoni. Eda ilikuwa imekwisha zamani, lakini Mwanatatu bado alikaa ndani. Alingoja majirani waje kumwita. Majirani nao walingoja atoke mwenyewe, wasije wakamsumbua. Basi kila mtu akangoja kwa adabu kubwa, na mlango ukabaki umefungwa. Adabu nayo ikizidi huumiza.

Siku moja Waridi alirudi mbio kutoka kwenye kikundi chao cha vijana.

"Mama! Jumamosi twaenda kupanda mikoko, upande wa Dongo Kundu. Tutashinda huko kutwa!"

"Wavulana na wasichana?"

"Sote, mama."

"Na mtu mzima ni nani?"

"Kyalo."

"Kyalo na nani?"

"Kyalo tu."

Mwanatatu akaweka mwiko chini. "Basi huendi."

Waridi hakubisha. Angebisha ingekuwa afadhali. Alikwenda kujilaza, uso ameuelekeza ukutani. Tangu babake afe, alikuwa akicheka kwenye kikundi kile tu. Mama alilijua hilo, na lilimuuma. Lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Kesho yake akaja Kyalo mwenyewe. Ni kijana mpole, fundi wa umeme na kiongozi wa kikundi, mtoto wa wazazi waliohamia kutoka Ukambani.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Waridi ameniambia umemkataza. Kwani mama huniamini?"

"Sina ubaya nawe, mwanangu. Ila..." Mwanatatu akakwama. Hakujua aseme vipi bila kumvunjia heshima mtoto wa watu.

Bahati nzuri, Kyalo hakuja peke yake. Alikuja na Dorothy, jirani wa nyumba ya pili, aliyebaki kusimama mlangoni. Dorothy hujitolea kuwafundisha wazazi usalama wa watoto. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu matanga.

"Mama Waridi ana haki," Dorothy alisema. "Kyalo, hebu nikuulize. Mtoto akikatwa mguu na gamba la chaza kule matopeni, nani atampeleka zahanati?"

"Mimi."

"Na wengine utawaacha na nani?"

"Sina mtu," Kyalo akasema.

"Haya. Na ukiwa peke yako na msichana, kisha watu wazushe neno, nani atakutolea ushahidi? Na kama kuna mtu mbaya, si hapo ndipo atapata nafasi? Kanuni ya watu wazima wawili inamlinda mtoto, na wewe pia inakulinda. Tahadhari kabla ya hatari."

"Sasa nifanye nini?"

"Wavulana na wasichana wakitoka pamoja, watu wazima wawe wawili au zaidi. Awepo mwanamume na awepo mwanamke. Mtu mzima asijitenge faraghani na mtoto mmoja, hata kama nia yake ni njema. Wasichana wawe na pahali pao pa kubadilishia nguo, na wavulana pao. Watoto watembee watatu watatu, hata wakienda chooni. Na kila mzazi ajue wanakwenda wapi, watarudi saa ngapi, na ampigie nani simu."

"Na mwanamke akikosekana?"

"Basi hamwendi."

Kyalo akashusha pumzi. "Nimetafuta. Kina mama wote, hata Dorothy hapa, wana kazi Jumamosi. Wengine wako Kongowea sokoni, wengine viwandani. Basi hakuna safari."

 Katika chumba cha pili, kitanda cha Waridi kililia kidogo.

"Mbona mimi hamniulizi?" Mwanatatu akasema.

Dorothy akainamisha kichwa. "Tulidhani bado hutaki watu."

"Nani kawaambia? Kila siku nasikia nyayo zenu zapita hapo nje. Najiambia, leo wataingia. Wallahi, nimechoka kuzungumza na sufuria!"

Dorothy akashikwa na haya. Akavua viatu, akaingia, akaketi. Mwanatatu akamletea mahamri, naye akayala bila kuambiwa mara mbili.

Jumamosi Mwanatatu alitoka amevaa mabuti ya mpira ya marehemu mumewe. Yalikuwa makubwa, yakipiga kelele kila hatua, na vijana wakacheka. Naye akacheka.

Hata adhuhuri haijafika, msichana mmoja, Nyevu, alikatwa mguu na chaza. Damu ikatoka nyingi. Mwanatatu aliufunga kwa mtandio wake, akampeleka zahanati. Alimchukua na msichana mwingine, wasiwe wawili peke yao njiani. Kyalo alibaki na kundi. Nyevu alishonwa, na hakuna mtoto aliyeachwa bila mwangalizi.

Walipokutana tena ili warudi nyumbani, Kyalo aliwaita kwa majina. Kila mmoja akajibu, "Niko!" Alipomaliza, Waridi akapaza sauti, "Na mama je?"

"Samahani," Kyalo akasema. "Mama Mwanatatu!"

 Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuuliza kama Mwanatatu yuko.

"Niko," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia, "Niko!"

Siku hizi kikundi hicho hakitoki bila watu wazima wawili, mwanamume na mwanamke. Wazazi waliokuwa wakiwazuia watoto sasa huwaruhusu. Jioni nyumba ya Mwanatatu bado ni kimya, na kiti cha marehemu ni kitupu. Hilo halina kanuni ya kuliondoa. Lakini asubuhi watu hupiga hodi, na mahamri hayabaki.