Maji ya Wageni

Getruda alikuwa mtu wa kuamka mapema. Jua lilipochomoza juu ya migomba, uwanja wake ulikuwa umeshafagiliwa, mbuzi wako malishoni, na kahawa imeanikwa kwenye vichanja. Kijijini Ihalatu, wilaya ya Mbozi, watu walimwita Mama Boazi. Boazi, mwanawe wa kwanza, alikuwa Tunduma mpakani, akipakia mizigo kwenye malori. Irene, mke wa Boazi, aliishi na mama mkwe wake. Alikuwa na mimba ya kwanza, na Getruda alimtunza kama mboni ya jicho lake.

Getruda alikuwa pia mjumbe wa kamati ya zahanati. Wanakijiji walimchagua kwa sababu ni mchapakazi na hana majungu. Lakini kazi yenyewe ya kamati hakuijua vizuri. Alichojua ni kwamba wageni wakija kutoka Vwawa, kwenye ofisi za wilaya, yeye ndiye anayeitwa.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji, Bwana Venance, alipiga hodi.

"Mama Boazi, kesho tuna wageni. Wakubwa wa afya wa wilaya."

"Haya, Mwenyekiti. Nitawaambia akina mama."

Jioni ile akina mama walishuka mtoni na ndoo zao. Zahanati ya Ihalatu ilikuwa na tangi la saruji la kukinga maji ya mvua, ila tangi lilikuwa limepasuka siku nyingi. Mifereji ya bati ilikuwa imeng'oka. Katika chumba cha kujifungulia palikuwa na pipa lenye bomba, na siku zote lilikuwa kavu. Akina mama walilijaza pipa hilo mpaka juu. Wakapiga deki, wakakata nyasi. Getruda akaleta mashuka yake mapya yenye maua, akayatandika kwenye vitanda.

Wageni walifika saa nne, kiongozi wao akiwa Bwana Balthazar, mtu mrefu mwenye miwani. Walikagua dawa, wakakagua vitanda. Bwana Balthazar alifungua bomba la pipa. Maji yakatoka.

"Maji yapo?" aliuliza.

Nesi Marita, aliyeisimamia zahanati ile peke yake, alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Getruda.

"Yapo, baba," alijibu Getruda.

"Safi sana."

Wageni wakala wali kwa kuku, wakashukuru, wakaondoka. Getruda akakusanya mashuka yake akarudi nyumbani. Alikuwa na furaha. Kijiji hakikuaibika.

Kiangazi kikazidi. Mchana mmoja, Irene alishikwa na uchungu akiwa anachambua maharage. Getruda alimshika mkono, wakaenda zahanati polepole. Nesi Marita alimpokea, akampima, akasema mtoto yuko karibu. Kisha akamgeukia Getruda.

"Mama, una maji?"

"Maji? Si yapo humu?"

"Pipa limekauka. Nilikuwa na ndoo moja, nimemwogeshea mzazi wa asubuhi."

Getruda alichukua ndoo akakimbilia mtoni. Huko chini maji yalikuwa membamba kama mkojo wa mbuzi, na palikuwa na foleni. Alisihi apishwe, wakampisha. Alipanda mlima akihema, maji yakimmwagikia mabegani. Alipofika mlangoni alisikia mtoto analia. Nesi Marita alikuwa ameshampokea mtoto. Mikono yake alikuwa ameisuuza kwa maji ya kunywa yaliyobaki kwenye chupa ya Irene.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti. Walifurahi. Boazi alipigiwa simu, akasikika akishangilia na wenzake huko Tunduma. Jina la mtoto likawa Happy.

Lakini wiki haikwisha vizuri. Irene alianza kutetemeka. Mwili ulichemka, tumbo likamuuma, na damu ya uzazi ikawa na harufu mbaya. Nesi Marita alipomwona hakupoteza muda. Alimchoma sindano ya kwanza na kusema, "Hii ni homa ya uzazi. Inaua. Apelekwe Vwawa hospitali sasa hivi." Gari dogo lililokuja kuchukua magunia ya kahawa liliombwa. Magunia yakashushwa, Irene akalazwa kwenye godoro, Getruda akampakata mtoto pembeni.

Hospitalini daktari aliuliza maswali mengi. Mwishowe akauliza, "Aliyemzalisha alinawa kwa maji yanayotiririka na sabuni?"

"Maji hayakuwepo," alisema Getruda.

Daktari alitikisa kichwa. "Wadudu huingia kwa mikono na vifaa visivyo safi. Mngekaa naye nyumbani siku moja zaidi, tungekuwa tunasema mengine."

Irene alipona, ingawa ilichukua muda. Alirudi Ihalatu amekonda, shingo kama ya kuku aliyeatamia. Getruda alirudi na hasira.

Jioni aliketi na jirani yake, Ketrina. Mama huyu alikuwa amerudi kwao mwaka huo baada ya kufiwa na mumewe. Kule alikoolewa, alikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati kwa miaka mingi.

"Nesi yule nataka aondoke," alisema Getruda. "Kidogo aniulie mkwe wangu."

Ketrina aliendelea kupukuchua mahindi. "Angenawa na nini, mwenzangu? Mate?"

"Angesema kwamba maji hakuna!"

"Kwa nani? Wakubwa wa wilaya walikuja. Waliuliza kuhusu maji. Nani aliwajibu?"

Mahindi yalidondoka kwenye ungo. Alihisi uso unawaka moto.

"Mimi," alisema baadaye. "Niliwaambia yapo."

"Wahenga walisema, mficha uchi hazai," alisema Ketrina, bila ukali. "Sisi tumewaficha wakubwa shida yetu, na mtoto wa watu nusura afe katika kuzaa."

"Lakini wale ni wageni, dada. Mgeni anaonyeshwa vizuri."

"Wale si wageni wa harusi. Wako kazini. Serikali inawatuma waone huduma ikoje, ili palipopungua pajazwe. Ukimficha mganga jipu, atatibu nini?"

"Basi kazi ya kamati ni nini?"

"Kamati ni macho ya wanakijiji. Zahanati ni yetu, si ya nesi wala ya mwenyekiti. Kamati inaangalia kama dawa zipo, maji yapo, wagonjwa wanahudumiwa vizuri. Kikikosekana kitu, mnakaa kikao, mnakubaliana, mnapeleka kwa halmashauri ya kijiji. Kijiji kinafanya kinachokiweza. Kisichokiweza, diwani anakipeleka mbele, na Mganga Mkuu wa Wilaya anaarifiwa. Wakaguzi wakija, mnawaonyesha hali ilivyo. Na msipojibiwa, mnauliza tena. Kuuliza si utovu wa adabu."

Getruda hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa nesi Marita. Alimkuta anachemsha vifaa kwa maji ya kikombe.

"Nesi, nilikulaumu," alisema. "Lakini niambie. Kwa nini hukusema siku ile?"

Nesi Marita aliweka chini koleo yake. "Niliogopa, mama. Nikisema maji hakuna, wataandika kwamba nesi mchafu. Mwenyekiti naye alishaniambia nisikiaibishe kijiji. Kila mzazi akija, moyo unanidunda."

Kamati ilikaa siku ya pili yake. Bwana Venance aliitwa. Aliposikia kwamba kamati inataka kuiambia wilaya ukweli kuhusu maji, alisimama.

"Mnataka niandikwe mzembe? Kijiji kizima tuonekane ombaomba?"

"Mwenyekiti," alisema Getruda, "mkeo yule mdogo atajifungulia wapi?"

Bwana Venance aliketi. Mke wake alikuwa na mimba kubwa. Alijifuta jasho. Kisha akasema, "Itisheni mkutano."

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, Getruda alisimama mbele ya watu. Aliwaeleza yaliyompata Irene. Akasema, "Pipa lile nililijaza mimi na nyinyi, akina mama. Tulilijaza kwa ajili ya wageni. Wanaojifungua tukawaachia likiwa tupu." Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alisema naye binti yake aliwahi kuugua vilevile, akadhani amelogwa.

Mkutano uliamua. Kijiji kitatoa mawe, mchanga na nguvu kazi, na kurudisha mifereji. Tangi jipya wataiomba wilaya, kupitia kwa diwani. Mpaka mvua zije, kila kitongoji kitapeleka maji zahanati kwa zamu, na wakaguzi wataambiwa kwamba maji yanabebwa kichwani.

Haikuchukua muda, gari la wilaya likaja. Safari hii hakuna aliyetandika mashuka yake. Bwana Balthazar aliingia chumba cha kujifungulia, akafungua bomba. Tone moja lilitoka, likakatika. Wabebaji wa zamu ya siku ile walikuwa bado wanapanda mlima na ndoo.

Aligeuka. "Maji vipi? Mara ya mwisho yalikuwepo."

Bwana Venance alikohoa. Nesi Marita alitazama sakafu. Getruda alisogea mbele.

"Yalikuwepo kwa ajili yenu, baba. Tuliyabeba kutoka mtoni jana yake. Zahanati hii haina maji. Tangi limepasuka. Mkwe wangu alizalia hapa akapata homa ya uzazi, akalazwa kwenu Vwawa. Twende nikuonyeshe tangi."

Bwana Balthazar alikunja uso. "Kwa hiyo mlitudanganya?"

"Tuliwadanganya."

"Mnajua nini kilifuata? Yalikuja matangi ya zahanati zisizo na maji. Ihalatu haikufikiriwa, maana kwa taarifa zetu nyinyi mnayo. Matangi yamekwenda kwingine."

Maneno hayo yaliwaingia kama mwiba. Bwana Venance alivua kofia.

Wakaenda nyuma ya jengo. Bwana Balthazar alipitisha mkono kwenye ufa wa tangi, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Alisimama pale akitazama paa lisilo na mifereji. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Na sisi tulikosea. Nilifungua bomba nikaridhika. Sikuzunguka nyuma ya nyumba. Sikuuliza maji yametoka wapi. Tena tunatoa taarifa kabla ya kuja, kama watu wanaoposa."

Hakuahidi makubwa. Alisema ataandika alichokiona, na kwamba kamati nayo iandike na kumpa diwani, ili sauti ziwe mbili. Akamwambia nesi Marita, "Hutaandikwa vibaya. Kinachoandikwa ni pengo la maji, na pengo ni letu sote."

Mwezi ukapita kimya. Getruda alimfuata diwani sokoni, akamuuliza. Akamfuata tena, akamkuta njiani. Watu wengine walimtania kwamba amekuwa kama mtu anayedai deni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kunong'ona upande wa milimani ndipo lori lilipofika na tangi kubwa jeusi la plastiki, pamoja na fundi. Msingi wa mawe ulikuwa tayari. Vijana walikuwa wameujenga, na mifereji ilikuwa imerudi mahali pake. Mvua kubwa iliponyesha, nesi Marita alitoka nje bila mwavuli, akaweka sikio lake kwenye tangi kusikiliza maji yakiingia.

Mke wa Bwana Venance alijifungua mtoto wa kiume. Nesi Marita alinawa kwa sabuni, maji yakitiririka. Mzazi alirudi nyumbani na afya yake. Masika yote hakuna mzazi wa Ihalatu aliyepelekwa Vwawa kwa homa ya uzazi. Na kwa kuwa kiangazi ni kirefu na tangi hukauka, kamati haikuzifuta zamu za vitongoji. Iliziweka akiba.

Siku moja gari la wilaya liliingia kijijini bila taarifa yoyote. Getruda alikuwa zahanati, amempeleka Happy kupimwa uzito. Bwana Balthazar alisalimia, akazunguka nyuma ya nyumba kwanza, akagonga tangi, kisha akaingia ndani.

"Maji nimeyaona," alisema. "Kuna tatizo jingine?"

Nesi Marita hakumtazama mtu yeyote. Alijibu mwenyewe.

"Lipo. Taa ya chumba cha kujifungulia imekufa. Juzi nimemzalisha mama kwa mwanga wa simu."

"Na kamati inajua?"

"Tunajua," alisema Getruda, akimfunga Happy mgongoni. "Diwani tulishamwambia jana. Njoo tukuonyeshe."