Makaa Yasiyolia

Makaa mazuri hulia. Mtu aliyeuza makaa miaka kumi na moja, kama Mbula, hababaishwi na rangi wala ukubwa. Anachukua vipande viwili, anavigonganisha karibu na sikio, na vikilia kama vikombe vya udongo anajua kwamba mti ulikuwa mgumu na tanuri lilifunikwa vizuri. Gunia aliloleta mdogo wake Mulei kutoka Ikutha, huko Kitui, Jumanne ile lilikuwa na makaa mazito, meusi ya kung'aa, ya kumtia wivu kila muuzaji wa mtaa wao wa Silanga. Mbula akagonganisha vipande viwili. Kimya. Akajaribu vingine viwili, vikubwa zaidi. Kimya vilevile.

"Haya ni ya mti gani?"

"Mkwaju," Mulei akasema, kisha akaingia ndani kulala, saa nne asubuhi.

Mulei hakuwa mtu wa kulala mchana. Alikuwa mpiga stori, kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye akifika Nairobi ploti nzima ya vyumba vya kupanga inajua. Mbula alimlea tangu mama yao alipokufa, na katika ndugu wanne, huyo ndiye aliyebaki. Alimpenda kupita kiasi, na hakuona aibu kusema hivyo. Kwa hiyo alipomwona amelala na viatu, uso ukutani, aliingiwa na hofu ambayo hakujua jina lake.

Jioni makaa yale yalipowashwa yalitoa harufu ya paka aliyenyeshewa, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya damu ya jana. Lakini yaliwaka sana, na wateja hawakulalamika.

Saa kumi na mbili kasoro akaja Kimotho, mwenye buchari iliyopakana na kibanda chake, na mkebe wake mtupu wa mafuta ya kupikia. Aliujaza makaa mwenyewe, bila kuuliza wala kulipa, kama alivyoujaza kila alipoishiwa, miaka yote hiyo. Ukinunua nyama kwa Kimotho jua likiwa linazama, atakutupia kipande cha makaa mfukoni, juu ya nyama, ili vitu vinavyotembea saa hizo visifuate harufu. Mbula alilelewa hivyo Kitui, Kimotho akalelewa hivyo Murang'a, na hata waimba kwaya wa Silanga hawajawahi kukitoa kipande hicho.

"Mama Makaa, leo umeleta kitu safi," Kimotho akasema.

"Beba, beba. Na unipimie matumbo robo."

Asubuhi yake Wainaina, jirani anayefuga bata kwenye mtaro unaoshuka kwenda bwawani, alimpata bata wake mkubwa juu ya nguzo ya stima. Amelazwa pale nyaya zinapogawanyika, shingo ikining'inia. Watu walicheka sana. Walimwambia Wainaina bata wake amechoka na matope, alikuwa anaenda Mombasa kwa ndege.

Alhamisi hawakucheka. Mbwa wa ploti, lile jibwa jekundu lililokuwa likibwekea hata mvua, alionekana juu ya mnara wa tangi la maji, orofa tatu kutoka chini, tumbo limefunguliwa. Alikuwa hai saa kumi na moja jioni. Saa moja, taa zilipowaka, alikuwa huko juu.

"Hii si mtu," Wainaina akanong'ona. "Mtu atapanda aje huko na mbwa mzito hivyo?"

"Labda ni chui ametoka msitu wa Ngong," mtu akasema.

"Chui apite kwa watu wote hawa bila kuonekana?"

 Ndipo Mbula alipogundua kwamba mbwa wote wa Silanga walikuwa wamenyamaza, kuanzia huku kwao mpaka kule Mashimoni. Akageuka amtafute Mulei. Alikuwa nyuma ya choo, anatapika.

Usiku huo alimkalisha kitandani, akafunga mlango.

"Sema."

"Unajua Nicanor?" Sauti ya Mulei ilikuwa chini sana. "Ule tunachoma na yeye makaa."

"Namjua. Ako wapi?"

"Hayuko, siste."

Akaeleza kidogo kidogo. Miti ya karibu na barabara ilikuwa imeisha, kwa hiyo wakasogea ndani, mpaka kwenye mpaka wa mbuga. Wenyeji waliwaambia, hapo ni kwa chui, kateni mchana mkalale kwingine. Wao wakajenga kibanda hapohapo. Walikuwa wanne, walikuwa na moto, na walikuwa na kiburi cha vijana. Jioni moja Nicanor akaenda kuchota maji na hakurudi.

"Tulimpata siku ya pili. Alikuwa juu, Mbula. Kwa mkwaju. Amewekwa kwa panda ya mti, mikono huku, miguu huku."

"Ngai."

"Hatukuweza kupanda. Chui alikuwa bado huko kwa majani, tulikuwa tunamskia. Ile sauti yake, kama mtu anakata mbao na msumeno. Basi tukakata mti."

"Mkamtoa."

"Tukamtoa, tukampeleka kwao, akazikwa poa. Lakini mti ulipoanguka hakukuwa na chui. Tulitafuta kila tawi. Na ile sauti iliendelea tu, hapo hapo juu, penye mti ulikuwa umesimama."

Mbula alikuwa ameshaelewa, lakini aliuliza. "Na mti?"

Mulei akaangalia mikono yake. "Ulikuwa mkubwa, siste. Tungeuacha tu hapo?"

Alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumfunika na blanketi. Alimfunika.

Jumamosi alinunua nyama nusu kilo, kwa sababu Mulei alikuwa hali kitu, na kwa vile siku hizo zilikuwa mbaya alichomoa mwenyewe kipande kikubwa kabisa cha makaa kutoka gunia lake, maana kwake makaa yalikuwa kinga hata yawe ya mti gani, akakiweka juu ya nyama, akaomba, akaenda nyumbani. Mulei alikuwa kwenye stuli, amempa mgongo. Jua lilikuwa linaondoka mlangoni. Mbula aliweka mfuko mezani, akainama kuwasha jiko, na akasikia fundi akikata mbao.

Alisikia msumeno ukienda na kurudi, kwenda na kurudi, akawaza ni nani huyo anayefanya kazi Jumamosi saa hizi, na alikuwa bado hajamaliza kuwaza alipokumbuka kwamba hakuna fundi katika kichochoro chao, na kwamba sauti haikutoka nje bali juu, kwenye mabati, ambayo yalianza kubonyea moja baada ya jingine, pole pole, kama yanavyobonyea mtu mzito anapotembea na hataki kusikika, na ile harufu ya paka aliyenyeshewa ikashuka ikajaa chumba hadi akaionja ulimini, na bati la pembeni likafunguka bila kelele, misumari ikitoka yenyewe, na pale palipofunguka hapakuwa na mbingu, palikuwa na giza lenye majani, majani madogo madogo ya mkwaju yakitikisika, na Mulei akasema "Mbula" kwa sauti ndogo sana, sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka sita, naye alipogeuka aliona shati la mdogo wake limevutwa kisogoni na miguu yake haiko tena chini.

Alimrukia, akamshika miguu na kuning'inia. Alipiga kelele mpaka ploti nzima ikatoka, na mtu akawasha taa ya nje. Mulei akaanguka juu yake. Mgongoni alikuwa na mistari minne mirefu. Mfuko mezani haukuwa na nyama. Kipande cha makaa kilikuwa mlemle, kikavu.

Jumapili alimpeleka Kabiro, Kawangware, kwa Mama Mildred, mzaliwa wa Mutomo anayeuza nguo za watoto mbele ya nyumba za kukodi. Watu wa Kitui humwendea kwa mambo ambayo hawataki pasta ayasikie. Mama Mildred alinusa shati la Mulei, akaikunja pua, akanawa mikono.

"Chui alikuwa mpangaji tu," akasema. "Mwenye mti ni mwingine, na huyo hana mwili. Kila nyama chui alipandisha huko ilikuwa rent yake. Sasa nyinyi mmebomoa nyumba, mmeichoma, mmeiuza kwa mkebe."

"Ni jini, mama?" Mbula akanong'ona.

"Muite unavyotaka. Penye kuna kipande cha mti wake, anaona ni kwake. Makaa yote yarudi kwa kisiki. Na huyu kijana ayapeleke mwenyewe, mchana, aombe msamaha kwa mdomo wake. Hata kipande kimoja kisibaki huku, mmenisikia?"

Mbula alikuwa na kichwa kizuri cha kukumbuka wateja. Alizunguka mlango kwa mlango, Silanga na Mashimoni, akiwapa watu makaa mengine na kuchukua yale; wengine walimwona amerukwa na akili, wakampa. Alifagia kibanda, akakusanya hata vumbi. Jumatatu alfajiri Mama Mildred alikuja mwenyewe kushuhudia gunia likifungwa.

"Ni yote?"

"Yote niliyouza na yote niliyobaki nayo," Mbula akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Mulei akaenda. Jumanne akapiga simu kutoka Ikutha: amemwaga makaa kwenye kisiki, amepiga magoti, amelia mpaka akaaibika. Hakusikia chochote isipokuwa ndege. Jumatano asubuhi Mbula aliamshwa na mbwa wakigombana mtaroni, akacheka peke yake kitandani, machozi yakimtoka. Makaa ya gunia jipya yalilia. Alifunga kibanda mapema, akaenda nyumbani kusonga ugali, maana ndugu yake alikuwa njiani.

Saa kumi na mbili na nusu simu ikaita.

"Siste, niko hapa hapa, nakatisha kwa tangi." Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kupiga stori. "Nimepitia kwa Kimotho nikachukua nusu. Leo tunakula kama watu."

"Mungu asifiwe. Kuja haraka ugali..." Mwiko ukasimama mkononi. "Mulei. Kimotho ameweka makaa kwa hiyo nyama?"

"Si yeye huwekea kila mtu? Ati anasema ile kitu safi yako bado iko nusu mkebe."

Hakuwa ameuza ule mkebe wa makaa ya mkwaju. Hakuwa amempa mtu, kwa jinsi alivyohesabu yeye. Ulikuwa mkebe wa Kimotho tu, kitu cha kila siku, na haukumjia kichwani hata mara moja.

"Tupa! Tupa hiyo nyama, Mulei, kimbia!"

"Ati? Sikuskii, siste. Kuna mtu anakata mbao hapa."

Mbula alikimbia bila viatu. Kichochoro chini ya mnara wa tangi kilikuwa kitupu. Kiatu kimoja cha Mulei kilikuwa chini, kamba bado imefungwa. Mbwa walikuwa wamenyamaza. Alijua asiinue macho, na hakuinua. Akapiga namba ya Mulei, kwa sababu labda ameangusha kiatu tu, labda ameshafika nyumbani kwa njia nyingine.

Simu ikaita. Iliita juu, mbali, juu ya tangi, ule wimbo wa Mulei wa kijinga ambao kila mara alimwambia aubadilishe.

Huko mwisho wa kichochoro watu walikuwa wanatoka kwa Kimotho na mifuko yao, wakielekea nyumbani kupika. Mama mmoja wa kwaya alimwona akasimama.

"Mama Makaa, mbona uko kwa giza peke yako?"

Mbula akaufungua mdomo amwambie autupe ule mfuko. Lakini juu yao msumeno ulikuwa umeanza tena.