Fundi Viatu Aliyefundisha Gitaa kwa Mdomo

"Fundi, huyu mtoto amewahi kukusikia wewe ukipiga?"

Jirani aliuliza hivyo akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, na watu walimwita Bibi Mwalimu. Alikuja kuchukua viatu vyake vilivyobandikwa soli.

Fundi viatu alikuwa na misumari midogo mdomoni. Akaitemea kiganjani.

"Anisikie mimi wa nini, Bibi? Mimi namwelekeza. Kupiga ni kazi yake."

Binti yake alikaa kwenye stuli, gitaa mapajani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Walimwita Chiriku kwa sababu aliimba tangu anaamka mpaka analala. Lakini tangu aanze kufundishwa gitaa, miezi mitano sasa, alikuwa ametulia kama maji mtungini.

Fundi alikuwa amekata kiolezo cha ngozi, kama anavyokata cha kiatu. Alikitoboa matundu, akakibandika kwenye shingo ya gitaa. Kila kidole na tundu lake. Kidole kikipotea, aligonga meza kwa nyundo.

"Bila kiolezo, viatu vyangu vyote vingekuwa vya mguu wa kushoto," alimwambia jirani.

Mkewe alikuwa akikunja nguo. "Viatu havilii, Baba Chiriku. Mtoto analia."

Chiriku akainua uso. "Baba, kuanzia kesho sitaki tena. Gitaa mpe mtu mwingine."

Nyundo ikabaki hewani. Gitaa lile Fundi alilipiga ujanani. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumwachia muziki wake.

Bibi Mwalimu akaingia, akaketi. Viatu vyake akavisukuma chini ya kiti.

"Fundi, wewe ushonaji ulifundishwaje?"

"Nilikaa kando ya marehemu baba, nikaangalia mikono yake. Mzee hakuwa mtu wa maneno."

"Alikubandikia ngozi kwenye vidole?"

Mkewe akacheka mpaka nguo zikamwanguka. Fundi akatazama chini.

"Basi na muziki ni hivyo hivyo," Bibi Mwalimu akasema. "Piga mbele yake, kipande kifupi, taratibu. Kisha mpe gitaa, unyamaze. Akikosea, usimkatize. Piga tena, asikie mwenyewe. Na akileta cha kwake, kisikilize."

"Vidole vimekakamaa, Bibi. Nitakosea mbele ya mtoto."

"Kosea! Aone mtu mzima anavyokosea akaanza upya."

Fundi akabandua ile ngozi. Akalifuta gitaa kwa aproni, akapiga. Katikati akapotea.

"Baba umejikwaa!" Chiriku akasema. Alikuwa anacheka.

"Nimejikwaa, mwanangu. Ngoja nirudi nyuma."

Akarudi. Chiriku akasogeza stuli karibu, macho kwenye mikono ya baba yake. Habari ya kesho hakuitaja tena. Bibi Mwalimu akaenda zake, na viatu akavisahau.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni Fundi alipiga kwanza. Kisha alimpa binti yake gitaa, akaikalia mikono yake miwili ili isinyooshe kidole. Haikuwa rahisi. Mara nyingi ulimi ulimwasha.

Wiki ya sita, Bibi Mwalimu alirudi kufuata viatu. Njiani alikuwa ameshapanga ushauri mwingine wa kumpa Fundi. Alipofika mlangoni, akasimama.

Chiriku alikuwa akipiga kile kipande cha baba yake. Alipofika mwisho hakuacha. Kidole chake kidogo kikaenda mahali ambapo ile ngozi haikuwa na tundu. Sauti ikapanda, ikazunguka, ikashuka taratibu hadi pale ilipoanzia, na yeye mwenyewe akaimba nayo. Mama yake alishika shati lililokunjwa nusu. Fundi alikuwa amekalia mikono yake, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Nani kakufundisha hiyo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe, Baba. Ila mwisho huo nimeusikia tu unakuja."

"Ee Mungu," Fundi akasema. "Nifundishe na mimi."

Chiriku akamsogezea stuli. "Angalia mkono wangu."

Bibi Mwalimu akaingia taratibu, akainama, akavuta viatu vyake chini ya kiti, akatoka na ushauri wake.