Kinyago cha Ukumbi wa Nne

"Chai imechemka."

Maneno mawili tu ya siri kwenye redio ya sikioni, na Rawya Damanhuri akajua wezi wameshaingia.

Akainuka kitini. Wiki tatu nzima alikuwa amevaa sare ya waangalizi wa makumbusho, akiwagombeza wageni wanaogusa vioo, kumbe kiunoni ana bastola ya Glock 19. Iskandaria yote haikujua kuwa yule mwanamke mkali wa Ukumbi wa Nne ni jasusi wa serikali.

Kilichokuwa kikiwindwa ni kinyago cha uso, cha dhahabu, chenye umri wa miaka elfu mbili. Mnunuzi alikuwa na meli bandarini, inangoja. Brigedia Lutfi, mkubwa wake Rawya, alitaka wageni wazuiwe mpaka wezi wanaswe. Mkurugenzi, Bi Mushira, akamkatalia katakata: mali ya wananchi haifichwi wananchi wasiione. Basi milango ikabaki wazi, na asubuhi hiyo ukumbi ulifurika wanafunzi kutoka Tanta.

Rawya akaangaza macho.

Mwanamume mwenye koti jeupe alikuwa ameinamia kabati la kinyago. Kitambulisho anacho. Ufunguo anao. Akakata lakiri kwa koleo, taratibu, kama yuko kwao.

Peke yake.

Lo, mjinga huyu! Misri nzima kabati la makumbusho halifunguliwi na mtu mmoja. Lazima ije kamati: watu watatu, karatasi yenye saini, na ubishi wa nusu saa kuhusu nani akate lakiri. Hata wafagiaji wanalijua hilo.

"Ustaadhi, kamati yako iko wapi?" Rawya akamuuliza.

Akajibiwa kwa koleo. Likampasua nyusi, damu ikamwingia jichoni. Rawya akamkamata kidole, akakipinda mpaka kikavunjika, ka! Jamaa akapiga yowe, lakini mkono mzima ulikuwa umeshachopoa kinyago.

Hapo mwenzake, aliyejifanya mtalii, akarusha bomu la moshi.

King'ora kikalia. Watoto wakaanza kupiga mayowe na kukanyagana. Mtalii yule akatoa kisu. Rawya akanyakua mtungi wa kuzimia moto, akamtandika nao taya. Meno yakatawanyika sakafuni, naye akayafuata.

"Funga milango!" Lutfi alifoka kwenye redio ya Motorola. "Kinyago kisitoke!"

"Afande, humu kuna watu mia mbili na moshi. Sifungi."

"Hiyo ni amri!"

Rawya akaiacha milango wazi. Alikuwa akiwasukuma watoto nje, mmoja mmoja, huku akikohoa.

Moshi ulipopungua, walibaki watatu wima. Mwalimu wa wale watoto, Bi Fawzia, alikuwa amerudi kuhakikisha hakuna aliyesahaulika. Yule wa koti jeupe alikuwa amemkaba kwa kiwiko cha mkono wenye kidole kilichovunjika, na bado ameng'ang'ania kinyago, amejikinga nacho uso. Mkono wa pili ulikuwa na bastola, chini ya sikio la mwalimu. Rawya akachomoa yake.

"Haya, piga, bibie," akamcheka. "Toboa dhahabu ya babu zako tuone."

Moyo ulimuuma Rawya. Kila asubuhi alikuwa akikisalimu kinyago kile kabla hajamsalimu mtu. Alikipenda.

Mwalimu akafumba macho.

Rawya akafyatua.

Risasi ikapita kwenye dhahabu, ikapita kwenye jicho, ikatokea kisogoni. Jamaa akaanguka. Mwalimu alibaki wima, damu isiyo yake imemtapakaa begani.

Bi Mushira akaja mbio. Aliwauliza kwanza kama watoto wote wametoka. Alipoambiwa wametoka, ndipo akapiga magoti, akakiokota kinyago na kulia waziwazi.

Lutfi naye alikuwa ameona yote kwenye kamera, akafoka redioni.

"Umefanya nini wewe? Kinyago kina tundu!"

"Kina tundu, afande," Rawya akasema. "Mwalimu hana."

Akaichomoa Motorola sikioni, akafuta damu kwa mkono wa sare, akatoka kwenda kutafuta sahani ya fuul, maharage ya kuchemsha, maana tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni.