Mwisho Alioubadili Bertila

Jua lilikuwa linazama Bertila alipotoka kwenda kwa Wilibrodi, nje kidogo ya Namanyere, kurudisha ungo wa kupepetea ulezi. Aliwakuta majirani uani wanapukuchua mahindi, Wilibrodi akiwatambia hadithi.

"Ungo huo wa ulezi, au wa safari?" Adriano akamchokoza.

Wakacheka. Kicheko kibaya. Radi ilikuwa imemuulia Adriano ng'ombe, na kijiji kizima kilishamnyooshea kidole bibi Kristiana, mama yake Bertila, eti kwa sababu macho yake ni mekundu. Moshi wa kuni huo, jamani! Lakini nani asikie?

Hadithi ya Wilibrodi ilikuwa ileile. Kikongwe. Macho mekundu. Mwisho wake kila mtu aliujua: kikongwe huchomwa ndani ya nyumba yake.

Bertila akaona wanaume wanatazamana.

Ni leo.

"Kaka Wilibrodi," akasema, "mwisho niachie mimi."

"Basi wakaenda kwa kikongwe," akaanza. "Wakamkuta amelala, rozari mkononi. Mchawi hakuwa ndani. Mchawi alikuwa amesimama nao pale nje... na mikono yake ilinuka mafuta ya taa."

Harufu ikawafikia.

Wakainusa wote. Mmoja mmoja wakamgeukia Adriano, aliyekuwa anaficha mikono yake kwenye magunzi. Wilibrodi akafunua gunia lililokuwa nyuma ya Adriano. Chini yake palikuwa na dumu.

"Leo hakuna anayekwenda popote," Wilibrodi akanong'ona.

Bertila akashusha pumzi. Mama amepona! Alitamani kulia kwa furaha.

Adriano akamkazia macho. "Dumu hili nililijaza peke yangu, kule shambani. Sikumwambia mtu. Wewe umejuaje?"

Macho yote yakahamia kwa Bertila. Kisha kwenye ungo aliokuwa bado ameukumbatia. Mwanamke aliyekaa karibu naye akasogeza kigoda chake kando.

Bertila akarudi nyuma hatua moja. Mungu ni shahidi, maneno yale yalimtoka tu, na hakujua yalikotoka.

Alikimbia mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa jikoni, amempa mgongo, anachochea kuni.

"Bertila," akasema bila kugeuka, "wamekuuliza umejuaje?"