Mchango wa Marehemu Anwarali

Harufu ya udi ilianza Jumanne, saa nne asubuhi, katika ofisi ambayo hata marashi yamepigwa marufuku. Karatasi imebandikwa mlangoni kabisa, kuna watu wana pumu. Mehreen akanusa skafu yake, akanusa viganja vyake, hakuna kitu. Akarudi kwenye kompyuta.

Kazi yake, hapo mtaa wa Don Mills, ughaibuni, ilikuwa kuzifuatilia kampuni za ushawishi, wale watu wanaolipwa kwenda kuwanong'oneza mawaziri. Nani mteja wao, wamekutana na nani, chama gani kimepokea michango wiki ipi. Miezi mitano alikuwa akiichimba kampuni moja tu, Tolland. Wateja wake walikuwa wenye maghorofa ya Flemingdon Park, na walichotaka ni kanuni moja ifutwe, ile inayowazuia kuwatoa wapangaji wa zamani. Sasa mama yake Mehreen, Bi Razia, alikuwa mpangaji wa zamani. Ghorofa ya kumi na moja, miaka ishirini na mbili. Kanuni ikifutwa bibi wa watu anatupwa nje, na Jumatatu kamati ya bunge la jimbo ingekaa kuamua.

Sheria ya huko haitaki kampuni ichangie chama. Achangie mtu, kwa jina lake na anwani yake. Mehreen alikuwa na majina kumi na mawili, na kila jina lilikuwa limechangia wiki moja kabla Tolland hawajaonana na waziri. Jumanne hiyo akafungua jina la saba.

Anwarali Rahemtulla. Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja.

Baba yake. Amezikwa mwaka wa nane huu, na mchango wake umeingia mwezi uliopita. Mehreen akalisoma jina mara tatu. Akayachunguza yale kumi na moja mengine, moja moja. Wote walikuwa wapangaji wa maghorofa yale yale, na wote walikuwa wamekufa.

Akapanda basi kwenda kwa mama mchana ule ule. Mezani alikuta vikombe viwili vya chai, na nyumba nzima inanuka udi ule ule.

"Mama, nani alikuja?"

Bi Razia akatabasamu kama bibi harusi. "Baba yako. Huja baada ya adhuhuri. Hanywi, ananusa mvuke tu. Ana makaratasi yake ya chama ya kusaini, namshikia yasiteleze."

"Mama, baba alikufa."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Mehreen akakaa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na Fatiha yake?" Maana kila Alhamisi, kwenye kituo chao cha ibada cha Bathurst, majina ya marehemu husomwa na watu wote huwaombea, na kwa miaka minane Bi Razia hakukosa kulipeleka jina la mumewe.

"Nimelitoa," mama akasema. "Utamsomeaje Fatiha mtu anayekaa sebuleni kwako? Si kumtukana huko?"

Haya, kosa ndilo hilo. Kosa la mapenzi, nalijua, lakini jini haulizi kosa limetoka wapi. Na kabla Mehreen hajajibu, kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu akakohoa, kikohozi kile kile cha baba, kikavu, cha mara mbili kisha kimya kisha mara ya tatu, kile alichokisikia wodini mpaka usiku wa mwisho, na mama akageuka na kusema taratibu, "Njoo, mwanao yupo," na kitasa kikaanza kuzunguka polepole, na Mehreen akamkamata mama mkono akamburuta mpaka kwenye lifti, bila viatu.

Kituoni, Mulla Mohamedjaffer aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Jini limekuja kwa jina la marehemu, na jina lilipoacha kuombewa likatia mizizi," akasema. "Alhamisi tutayasoma yote kumi na mawili. Litatoka. Lakini litatoka na njaa, binti, na litamrudia aliyelipokea. Usimwache mama yako peke yake mpaka Jumanne. Hata dakika moja."

"Jumatatu naipeleka ripoti yangu kwenye kamati, Mulla."

"Kamati itakuwepo hata mwakani."

"Nyumba yake haitakuwepo."

Mulla akaanza kuyaandika majina.

Alhamisi majina yakasomwa. Lilipofika la saba, Bi Razia akaanguka kifudifudi upande wa wanawake, akalia kilio cha mjane wa siku hiyo hiyo. Harufu ya udi ikakatika ghafla. Waliporudi nyumbani, chumba kilikuwa na baridi tu.

"Mara ya kwanza alimchukua Mungu, nikanyamaza," mama akamwambia. "Mara hii umemtoa wewe."

Hakusema naye tena. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Mehreen alilala mlangoni pa chumba chake kama mbwa. Jumatatu saa mbili asubuhi alipaswa kuondoka, na jirani yao Shahnaz, aliyeahidi kukaa na mama, angefika saa tatu. Bi Razia alikuwa kwenye mswala, amempa mgongo. Saa moja tu, Mehreen alijiambia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ukumbi wa kamati ulijaa. Yule bwana wa Tolland alikaa mbele, amestarehe, hana hata karatasi. Mwenyekiti akamwita shahidi wa kwanza, mpangaji, Bi Razia Rahemtulla.

Akaingia mama. Skafu yake ya kijani, sweta lake, lakini bila ile bakora yake ya kila siku, anatembea wima. Akakaa akaanza kusema Kiingereza, yeye ambaye kwa miaka ishirini na mbili Kiingereza chake kiliishia kwa dereva wa basi, Kiingereza laini, cha kisheria, akisema kwamba wapangaji wazee hawana kinyongo, kwamba wameelezwa wakaridhika, kwamba kanuni ile imepitwa na wakati na wao wenyewe wanaomba ifutwe, na macho yake hayakupepesa hata mara moja, na simu ya Mehreen ikatetemeka mapajani, ujumbe wa Shahnaz: Rudi nyumbani. Mama yako amefariki. Nimemkuta kwenye mswala, ameshapoa.

"Ripoti ya binti yangu ina makosa," yule aliyekaa kwenye kiti cha shahidi akamalizia. "Yupo pale. Atawaambia mwenyewe."

Mwenyekiti akaangaza ukumbini. "Bi Mehreen? Huyu ni mama yako?"

Watu wote wakageuka. Na yule naye akageuka, akamtazama, akamsemesha kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya jikoni aliyonyimwa siku nne nzima.

"Mehreen mwanangu. Umekula?"

Wallahi alijua. Simu ilikuwa mkononi, ripoti ilikuwa mapajani, kurasa arobaini. Akisema hapana, basi mama amekufa, amekufa akiwa na hasira naye, na ndiyo basi.

"Ndiyo," akasema Mehreen. "Ni mama."